Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Kukusanya Historia ya Tabora Boys

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha Mweka Hazina ameshayaeleza, sitayarudia. Naomba nafasi yangu niitumie kwa kazi iliyotuchukulia sehemu kubwa ya mwaka huu, yaani kukusanya historia ya shule yetu.

Mlipotukabidhi jukumu hili, baadhi yenu mliuliza, na mlikuwa na haki ya kuuliza, kama fedha hizo zisingefaa zaidi kununulia magodoro ya bweni. Jibu langu ni lile lile. Wazee waliosoma pale kabla ya Uhuru wanatutoka mmoja mmoja, na kila tunayemzika anaondoka na mambo ambayo hayajaandikwa popote. Magodoro tunaweza kununua hata mwakani.

Shule ilianzishwa na Waingereza miaka ya 1920, na haikukusudiwa kuwa ya kila mtoto. Ilikuwa ya watoto wa machifu. Serikali ya Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, ilitaka kutawala kwa kupitia machifu, hivyo ikahitaji machifu wanaojua kusoma, kuandika na kutunza hesabu za kodi. Tabora palifaa: ni katikati ya nchi, na reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika tangu 1912. Vijana wa makabila ambayo babu zao hawakuwahi kuonana wakajikuta wanalala bweni moja na kula ugali wa sufuria moja.

Hapo ndipo, kwangu mimi, habari hii inaponoga. Hayati Mwalimu Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alifika mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, kisha akaenda Makerere. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa Chifu wa Unyanyembe na waziri wa sheria wa Tanganyika huru, naye ni wa pale. Kadhalika Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, ambaye hakuwa mtoto wa chifu. Mwaka 1963 serikali ya Mwalimu ikaufuta utawala wa machifu. Yaani shule iliyojengwa ili uchifu udumu ndiyo iliyowalea waliouondoa. Jambo zito kama hili tumekuwa hatuwaelezi wanafunzi. Mgeni akija tunamtajia jina la Mwalimu, basi, tumemaliza. Baada ya Uhuru milango ikafunguka kwa watoto wa wakulima, na baadaye ikawa miongoni mwa shule za vipaji maalumu. Wengi wetu humu ukumbini tusingekanyaga pale chini ya utaratibu wa zamani.

Kati ya yote tuliyokusanya, lililonigusa zaidi ni picha moja aliyoitunza mzee wetu mmoja. Ni darasa zima, kaptura na mashati meupe, na nyuma yake majina yameandikwa kwa kalamu ya wino, mengine yamefifia. Mzee aliweka kidole juu ya kila sura: huyu alikuwa mwalimu Nzega, huyu karani wa reli, huyu alifariki kabla hajamaliza shule. Mwanawe alikuwa amekaa pembeni, na ndiyo kwanza anaiona picha hiyo. Majina hayo hayamo katika kitabu chochote, na ndiyo tunayoyatafuta.

Kamati imependekeza nakala zote ziwekwe maktaba ya shule, kwa ridhaa ya Mkuu wa Shule. Naomba mkutano huu ulipitishe hilo.

Pengo kubwa lililobaki ni miaka ya 1970, na waliosoma wakati huo mpo hapa. Kabla hatujatoka kwenda kwenye chakula, kila mmoja amwandikie Katibu mwaka aliomaliza, na kama ana picha, barua au ripoti ya muhula. Hatuchukui kitu cha mtu: tunapiga picha, kisha tunamrudishia mwenyewe siku hiyo hiyo.