Tairi za trekta zitiwe maji kabla ya masika

Mheshimiwa Mhariri,

Kila msimu wa kulima na kuburuga (kuvuruga tope la kupandia mpunga) hapa Cheju, dereva akikwama hukanyaga mafuta. Gurudumu huzunguka palepale, likachimba, trekta ikakaa tumbo. Wenye makonde ndio tunaoitwa kusukuma, na pesa ya kulimiwa tumeshalipa!

Mtoto wa dada yangu yuko Kanada, huondoa theluji kwa mashine ya kukatia majani iliyofungwa sepetu mbele. Mashine ile huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo minyororo kaifunga hapo na uzito kauongeza hapohapo. Ya nyuma kazi yake kukata kona tu.

Trekta zetu nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, basi hayo ndiyo yatiwe maji, yapate uzito wa kushika ardhi. Valvu iwekwe juu kabisa, maji yafike usawa wake, kama robo tatu ya tairi, kisha ijazwe upepo. Kanada lazima watie dawa yasigande. Sisi maji ya bomba yanatosha (ya chumvi hapana, rimu zitaoza). Gurudumu moja likiteleza, dereva afunge difu, ili magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ila asikate kona ikiwa imefungwa. Jembe nalo alinyanyue kidogo, uzito urudi nyuma. Kwa tope la kuburuga hasa, magurudumu ya chuma hayana mfano.

Naomba wanaotuletea trekta wazikague mapema. Ya mwisho tuliyoletewa tairi zake zilikuwa kipara kama kichwa changu.

Mkulima wa mpunga,
Cheju, Unguja