Barua kwa mwanangu kabla hajahamia ng'ambo ya kalavati

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la baba yako, ambalo linamsumbua na yeye anazidi kulisumbua. Picha zote za nyumba zimefika. Ile video ya sebuleni nimeirudia mpaka baba yako akaniuliza kama mnunuzi ni mimi. Ni nyumba nzuri. Nalisema mapema ili usiyasome yanayofuata ukadhani nimeikataa. Ila mtu aliyekula mshahara wa upimaji ardhi miaka yote hatazami sebule. Hutazama pembeni, kule ambako mpiga picha hakukusudia.

Fungua picha uliyopigwa umesimama getini. Nyuma yako kuna ukuta wa jirani. Ivute iwe kubwa. Juu umepakwa rangi upya, chini umeachwa, na pale rangi inapokomea kuna mstari wa kahawia unaokwenda sawasawa toka nguzo moja hadi nyingine, usawa wa magoti ya mtu mzima. Tope linalorushwa na magari halichori mstari, huacha madoa madoa. Mstari wa namna ile huachwa na maji yaliyosimama pale kwa muda. Sasa angalia kushoto, kwenye kiwanja kisichojengwa. Yale uliyosema ni majani marefu yanapendeza ni matete, na matete hayaoti pakavu.

Sisemi nyumba yenyewe itaingia maji. Naona msingi umeinuliwa kuliko wa majirani, maana yake aliyejenga alikuwa na habari. Ninachouliza ni kingine. Kwenye ramani uliyonitumia njia ya kuingia mtaa ule ni moja tu, na inavuka kijito juu ya kalavati. Siku maji yakilizidi lile kalavati, wewe na mumeo mko kazini mjini, watoto wametoka shule saa tisa, wako ng'ambo. Nani yuko nao?

Usinijibu haraka. Ulinijibu haraka kwenye simu, ukasema "Mama, tutajipanga". Kujipanga ni nani, jina lake, na anakaa nyumba ya ngapi?

Unasema dalali amekuhakikishia kwamba mafuriko makubwa ya pale ni ya "mara moja kwa miaka mia". Hayo maneno tumeyatumia sisi wenyewe maofisini na yamepotosha watu wengi. Maana yake ni kwamba kila mwaka, mwaka wowote, kuna uwezekano wa asilimia 1. Yakija mwaka huu hayajamaliza zamu yake, mwakani uwezekano ni uleule. Ukikaa pale miaka 30, ambao ndio muda wa mkopo mnaoutaka, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unafika kama asilimia 26. Karibu robo, au zaidi kidogo. Na hesabu ya namna hiyo hutegemea kumbukumbu za nyuma, wakati kule juu kulikuwa mashamba. Shamba hunywa mvua. Mabati, zege na lami havinywi, vinayatelemsha maji yote kwa wakati mmoja. Kila kiwanja kinachojengwa upande wa mlimani kinaongeza maji kwenye kijito chenu, na lile kalavati ni lilelile lililowekwa wakati wa mashamba. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mimi nimelipwa mshahara kwa kuuchora huo mkondo, na nakwambia haujali hati ya nani.

Ndiyo maana mtaa unaobadilika unanitia wasiwasi kuliko mtaa mbaya. Mtaa mbaya unauona ulivyo. Huu wenu, mnachouziwa sehemu kubwa ni ahadi: barabara itapanuliwa, shule itajengwa, soko litahamia. Itakuwa, litakuwa. Nenda ofisi ya mipango miji uombe ramani ya eneo lote, si ya kiwanja chenu peke yake. Eneo la shule ni kipande kilichopakwa rangi tu. Nimepima maeneo ya namna hiyo kwa mkono wangu, nikapita baadaye nikakuta maghala. Uliza pia hifadhi ya barabara inaishia wapi, maana barabara ikipanuliwa kweli, inapanuka kwa kula viwanja vya watu.

Na hata ikipanuliwa. Pale Houston, Marekani, waliipanua barabara kuu ya Katy, kazi ikakamilika 2008, na kuna sehemu yenye njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Ndani ya miaka michache foleni ya asubuhi na jioni ilikuwa imerefuka tena. Barabara pana huwaita watu wajenge mbali zaidi, na wote hao watapita mlangoni kwenu. Kwa hiyo ile saa moja na nusu ya kwenda kazini uliyonitajia usiihesabu kuwa ya muda. Sasa hivi unatumia nusu saa. Ni saa moja zaidi kwenda na saa moja zaidi kurudi. Kwa siku tano za wiki, wiki 48 za kazi, ni saa 480. Gawanya kwa 24. Siku 20 nzima, usiku na mchana, umekaa kwenye gari kila mwaka, na watoto wako ng'ambo.

Mwambie mumeo nimeisoma ile makala aliyonitumia, ya kwamba kuhamia mtaa bora huwafaa watoto, nimeisoma hadi mwisho. Ni mkwe mzuri, anabishana kwa ushahidi, si kama watu wengine wa ukoo wetu. Lakini naye aisome tena. Mradi unaosimuliwa mle ulianza 1994 katika miji mitano ya Marekani. Familia zilizokuwa kwenye nyumba za serikali, katika mitaa maskini sana, zilipewa kwa bahati nasibu hati za kusaidiwa kodi ili zihamie mitaa isiyo na umaskini mwingi. Mchumi Raj Chetty na wenzake wakafuatilia watoto mpaka utu uzima, na matokeo yakachapishwa 2016: waliohama kabla ya miaka 13 walikuja kupata kipato cha juu kwa karibu asilimia 31. Hapo ndipo mkwe wangu alipopiga mstari. Hakupiga mstari chini yake, panaposema waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, na pengine walipoteza kidogo, kwa sababu kuhama kwenyewe kunamvuruga mtoto. Mdogo wenu ana miaka 6, sawa. Mkubwa ana 14. Halafu nyinyi hamtoki kwenye mtaa kama ule wa utafiti. Mnatoka mahali ambapo mwanao akipotea nusu saa watu wanne wanajua yuko wapi.

Najua unachotaka kuniambia. Kwamba wewe ulikua na ufunguo shingoni na hukufa. Kweli hukufa. Mama wa mlango wa pili ndiye anayejua vizuri kwa nini hukufa, kuliko mimi, na ndiye nimekuwa nikimfikiria tangu niuone ule ukuta. Kwenye picha zako zote sijaona mlango wa jirani hata mmoja. Kuta na mageti. Waliohamia hawajuani bado, na waliokuwa wakilima pale wanauza kipande kwa kipande na kuondoka. Jirani si kitu cha kuomba ukishaingia, inachukua miaka, na hiyo miaka ndiyo mkubwa wako atakayokuwa akirudi nyumbani peke yake.

Sikuandikii haya kwa mtindo wa asiyesikia la mkuu. Wewe ni mtu mzima, na mambo mengine umeyafanya vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi. Umeweka akiba bila kumkopa mtu. Umeitafuta hati kabla ya kuzungumza bei. Watu wenye digrii kubwa kuliko yako hulipa kwanza. Baba yako amekwishawasimulia wenzake wote, na kila akisimulia nyumba inaongezeka chumba. Kilichoniuma ni kwamba shangazi yako alijua kabla yangu. Kazi ya kupima ardhi ndani ya familia hii naifahamu mimi, si shangazi yako, lakini yeye ndiye aliyepelekwa kukiona kiwanja na kusema kina upepo mzuri.

Basi kama mtanisikiliza, fanyeni hivi. Nendeni siku ya kazi, mtoke pale saa kumi na mbili asubuhi kama mnaokwenda kazini, si Jumapili mchana. Nendeni siku mvua imenyesha kutwa, msimame juu ya kalavati, mtazame maji yako chini ya tao kwa kiasi gani. Mchukue na mpimaji mwenye leseni ayatafute mawe ya mipaka ardhini, moja moja, ayalinganishe na hati. Jiwe ambalo halionekani lisikubalike kwa maneno. Mtafuteni mzee aliyewahi kulima pale. Usimwulize kama panafurika, atakwambia hapana kwa adabu tu, kwa sababu ameona unapapenda. Mwulize zamani walikuwa wakivukia wapi mvua zikiwa nyingi. Mtu akikuonyesha kivuko, amekuonyesha mto.

Bora kuliko yote, pangeni kwanza nyumba mtaa uleule, mvua za mwaka mzima ziwapitie mkiwa wapangaji. Mumeo atasema kodi ni kutupa pesa. Kwa mtaa ambao bado unaumbika, kodi ya mwaka ni ada ya kuujua. Mkiona mmempata mtu wa kumwachia watoto, mtu mwenye jina, aliye ng'ambo ileile na wao na si upande wa mjini, nunueni na mimi nitakuja kuweka zulia. Msipompata, mtakuwa mmepoteza kodi tu.

Najua pia mnakokaa sasa si pepo. Vyumba viwili, mwenye nyumba anayepandisha kodi kila akikumbuka, mdogo analala na vitabu vya dada yake kichwani. Ningekuwa na umri wako ningeichoka zamani. Na kwamba kila mtu wa rika lako ananunua pembezoni kwa sababu katikati hapanunuliki, hilo nalielewa, si tamaa. Mtaa ule huenda ukawa mzuri sana baada ya miaka kumi. Mkubwa wako atakuwa na 24.

Baba yako anasema najificha nyuma ya kalavati. Anasema ukweli ni kwamba kutoka kule mpaka kwetu ni magari matatu badala ya moja, na kwamba nimeipima njia hiyo kwenye ramani kabla ya kuupima mto. Nimempa barua aisome akasema nikuachie uamue. Yeye husema hivyo kuhusu kila kitu, hata kuhusu paa, na ndiyo maana paa limefika hapa lilipofika.

Paa lenyewe: fundi amesema mbao mbili za upande wa chumba chako zimeoza, lazima dari ishuke. Anaanza Jumatano. Chumba nimeanza kukitoa vitu. Vyeti vyako vya shule nimeviweka kwenye bahasha pamoja na kadi za chanjo za watoto ambazo uliziacha hapa ukasema zimepotea. Cherehani nimempa binamu yako aitumie, nimempa kwa kuazima, nimemwambia mara mbili. Nguo za mkubwa za zamani sijui kama mdogo atazivaa. Kama hazivai nizigawe. Mita yangu ndefu ya chuma mumeo aliichukua siku ile ya kupima pazia. Aitumie huko getini kwanza, kupima ule mstari uko juu ya barabara kwa kiasi gani, kisha airudishe, maana fundi anayo ya kitambaa na siiamini.

Hati iandikwe majina yenu mawili. Si kwamba namshuku mkwe wangu, ningemwandikia mwanangu wa kiume hivihivi kuhusu mke wake.

Limebaki kabati lako. Lina upana wa sentimita 118 na halijapata kupita mlango wowote likiwa zima. Milango ya nyumba mpya huwa 80 au 90, na hiyo ya chumba cha nyuma kwenye picha naiona nyembamba zaidi. Pima ule mlango uniambie kabla ya Jumatano kama fundi alifungue vipande kabisa au alisogeze tu barazani, maana akishalifungua mara moja sitaki alifunge hapa halafu alifungue tena.

Wasalimie watoto na baba yao.

Mama yako