Paa wa bibi na paa wa kitabuni

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Huku Unguja sote wazima, ila joto la kaskazi linatutoa jasho hadi usiku. Umeniuliza kama bado nasoma au bao limenimeza. Yote mawili, na yananigombania.

Bao unalijua. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, lakini utamu uko kwa waliosimama nyuma yao. Mtu yuko bado kwenye namua, ile duru ya mwanzo ya kuingiza kete, zake 22 za mkononi hazijafika nusu, keshaambiwa nyumba yake, lile shimo lake kubwa, haifiki magharibi. Akikosa cha kula ikabidi atakate, yaani asogeze kete bila kula, hucheka hadi muuza kahawa. Mpwa wangu kanitilia bao kwenye simu. Linanifunga kimya kimya, kisha linaniuliza kama nataka tena. Nimelifuta.

Na kusoma nako kulianza kunitia upweke wa namna hiyo. Juzi nimeirudia hadithi ya Sultani Darai, katika zile ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere kule London mwaka 1870. Maskini Hamdani anachakura jaani, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anamtafutia mke, binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake jumba la nyoka huyo. Kisha paa anaugua, na Hamdani anamwona mzigo. Bibi yangu, aliyetusimulia ngano hii utotoni, akifika hapo tulikuwa hatumwachi aendelee. Tulimtukana Hamdani matusi ambayo mchana yangetupatia bakora. Usiku mmoja tulilia mpaka bibi akakubali paa apone, akapona, tukalala. Kitabuni paa hufa kila mara.

Hata hivyo kitabu sikionei. Kwa kusoma peke yangu, polepole, ndipo nilipomwona mke wa Hamdani, anayemhurumia paa kwa siri wakati mumewe hamtazami. Bibi alikuwa akimpita mbio, maana sisi tulikuwa tunamdai nyoka. Inawezekana ndiye mtu bora katika ngano nzima, nami nimemjua na mvi kichwani!

Basi sasa nasoma kwa sauti, barazani, baada ya isha. Nasema "Paukwa!", watoto wa mtaa wanaitika "Pakawa!", na wazee wa bao wanajifanya hawasikii. Juzi mmoja alishika kete hewani akauliza huyo mke kwa nini hakurudi kwao mapema. Mwenzake akamtetea mke. Bao likalala palepale, wakabishana mpaka kahawa ikaisha, nami sikusoma hata ukurasa wa pili.

Una deni kwangu. Ile ngano ya mamako ya mchawi na kisima, uliyokuwa ukinikatizia njiani tukitoka chuoni, sijapata kuisikia yote. Jirekodi unitumie, na hao watoto wako wa Maskati wakae karibu waitikie, Kiswahili chao nikisikie. Usiifupishe.

Nduguyo