Homa ya ini aina ya B haiambukizwi kwa kikombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililoipata familia yangu, ambalo naamini linaeleweka vibaya katika nyumba nyingi hapa nchini.

Mdogo wangu alikwenda kuchangia damu, na baada ya siku kadhaa akaitwa kuambiwa kwamba damu yake haiwezi kutumika kwa sababu amekutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakuelezwa zaidi ya hapo. Aliporudi nyumbani wazee walimtengea sahani, kikombe na kijiko, na mtoto wake mkubwa akakatazwa kula naye, na mdogo wangu akawa anakula peke yake barazani kwa miezi kadhaa. Katika muda wote huo hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwamo, aliyesema kwamba shemeji, ambaye alikuwa mjamzito, apelekwe kupimwa. Alikuja kupimwa mimba ikiwa kubwa, baada ya muuguzi mmoja wa kliniki kuuliza habari za mume wake. Namshukuru Mungu kwamba hakuwa na maambukizi, na chanjo alianza siku ileile.

Nalieleza hili kwa uchungu kwa sababu tuliogopa kisichoambukiza tukakiacha kinachoambukiza. Virusi vya aina ya B havienezwi kwa chakula, kikombe, kupeana mkono wala kukumbatiana. Hupita katika damu na majimaji mengine ya mwili, yaani kwa ngono, kwa sindano na vifaa visivyo salama, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Vinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, kwa hiyo wembe wa kunyolea unaochangiwa nyumbani, mswaki unaoazimwa, na kile kiwembe cha mganga kinachochanja chale mtu mmoja baada ya mwingine, ni vya kuogopwa kuliko sahani yoyote. Aina ya A na ya E ndizo zinazofuata maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na huenda huko ndiko ilikotoka hofu ya vyombo, maana kwa kawaida husikia tu “homa ya ini” bila kuambiwa ni ipi.

Jina lenyewe linatuchanganya pia. Wapo wanaoiita homa ya manjano kwa sababu macho ya mgonjwa hugeuka rangi, ilhali homa ya manjano ni ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu. Nimekutana na mtu mzima, msomi, aliyeamini kwamba ile kadi ya njano ya wasafiri, ya kuonyesha kwamba mtu amechanjwa homa ya manjano, inamkinga na homa ya ini. Haimkingi.

Suala la uzazi ndilo linalonigusa zaidi. Mtu mzima akiambukizwa aina ya B, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi wenyewe, na wanaobaki navyo hawafiki 5 katika kila 100. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, watoto wapatao 90 katika kila 100 hubaki navyo maisha yao yote, wakikua bila dalili hadi ini linapoanza kusinyaa au kuota saratani wakiwa na umri wa kulea watoto wao. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apewe dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kadi za kliniki za wanangu zinaonyesha kwamba kinga hiyo waliipata ndani ya chanjo ya penta, inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ni chanjo nzuri, ila kwa mtoto aliyekutana na virusi siku ya kuzaliwa wiki 6 ni nyingi mno. Katika Kanda ya Afrika ya shirika hilo, mwaka 2022 waliopata dozi ya kuzaliwa hawakufika hata mtoto mmoja katika kila watano.

Kwa aliyekwisha kukutwa na virusi hivi, majibu si hukumu ya kifo. Si kila mwenye virusi huhitaji dawa. Wengi hufuatiliwa kwa vipimo vya ini, na anayehitaji hupewa vidonge kama tenofovir, ambavyo hutumiwa pia katika tiba ya VVU, na ambavyo huvituliza virusi ingawa haviviondoi kabisa. Kinachomharibia ini ni pombe, dawa za mitishamba zisizojulikana kipimo, na mahindi au karanga zenye sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa kuwa sumu hiyo ikikutana na virusi hivi huongeza hatari ya saratani ya ini maradufu na zaidi.

Naziomba mamlaka za afya zihakikishe kwamba dozi ya saa 24 ipo katika kila chumba cha kujifungulia, hadi zahanati ya kijijini, kwamba kila mjamzito anapimwa homa ya ini kama anavyopimwa VVU na kaswende, na kwamba anayepewa majibu baada ya kuchangia damu haondoki kabla ya kuelezwa nani nyumbani kwake apimwe na nani achanjwe.

Msomaji wako,
Morogoro