Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Watunza Kaya

Wazee wetu wa baraza la ngambi, kina mama, vijana, na wanachama wenzangu nyote, hamjambo. Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotembea tangu alfajiri kwa sababu bodaboda hazipiti kwenye matope.

Nianze na jambo linalowakera wengi wenu, maana nikiliweka mwisho mtakaa mkilingojea hilo tu. Mwaka huu kaya yetu, msitu wetu mtakatifu wa Wamijikenda, imepokea wageni wachache kuliko mwaka jana, na tuliamua wenyewe iwe hivyo. Njia ya ndani tuliifunga masika yalipoanza, tukaifungua udongo ulipokauka. Hata baada ya kuifungua hatukuruhusu makundi mawili yawe msituni kwa wakati mmoja. Mhazini atawasomea hesabu, na mtaona mapato ya viingilio yameshuka. Nawaomba msimlaumu mhazini, wala vijana wanaoongoza wageni. Uamuzi ulikuwa wa kamati, na aliyeushikilia kuliko wote ni mimi.

Anayeijua njia ile anaijua kona ya mbambakofi mkubwa. Maji husimama pale wakati wa mvua, na kila mgeni huzunguka dimbwi ili viatu visichafuke. Anayemfuata naye huzunguka zaidi. Njia iliyokuwa ya mtu mmoja ikapanuka hadi watu wanne wakaweza kwenda sambamba, na mizizi ya mti ikawa nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Kabla ya masika nilichutama pale nikatafuta mche hata mmoja wa mbambakofi chini ya mama yake. Mbegu zilikuwepo, zile nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo sote tulizichezea utotoni, lakini zilikuwa zimelala juu ya ardhi ngumu kama sakafu. Zilizookolewa na miguu ziliokotwa na wageni kama kumbukumbu.

Tulipoifungua njia nilirudi mahali palepale. Majani makavu yalikuwa yamefunika udongo, na kati yake nikaona miche midogo ya mbambakofi, majani yake machanga bado mekundu. Mmoja wa vijana wetu alikuwa ameizungushia vijiti bila kuambiwa na mtu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo habari kubwa ya mwaka huu, na ndiyo sababu nitawaomba leo tuifunge njia tena masika yajayo. Mgeni anakuja kwa sababu kuna msitu. Msitu ukiisha hatutakuwa na cha kumwonyesha, na sisi wenyewe hatutakuwa na mahali pa kwenda kuomba.

Sasa mwarobaini. Najua hakuna boma hapa lisilo na mwarobaini uani. Ni kivuli chetu, ni dawa yetu, na jina lenyewe linasema unatibu arobaini. Ndiyo maana imetuchukua miaka mingi kukubali kwamba ndani ya kaya mti huu ni adui. Uliletwa kutoka Bara Hindi. Tunda lake likiiva, hondohondo hulila, popo hulila, nyani naye hulila, kisha mbegu huangushwa ndani kabisa mwa msitu. Mche wake huvumilia kivuli, halafu mti mkubwa wa zamani ukianguka na mwanga ukapenya, mwarobaini ndio wa kwanza kupanda juu. Nendeni upande wa magharibi mwa kaya mkajionee. Pale ambapo wazee wanakumbuka misandarusi na mirihi, leo ni mwarobaini mmoja baada ya mwingine.

Shida ilikuwa mwiko. Ndani ya kaya hakuna mti unaokatwa, na hata kuni zilizojiangukia hazitolewi. Mwiko huu umeulinda msitu kuliko sheria yoyote ya serikali, na kamati haikuwa tayari kuuchezea. Tulilipeleka suala hili kwa ngambi, nao wakakaa mara tatu. Kikao cha kwanza kilivunjika bila neno. Katika kikao cha pili mzee mmoja aliuliza kama mti ulioingia bila kufanyiwa tambiko unahesabiwa kuwa wa kaya, na swali hilo likabadilisha mazungumzo yote. Katika kikao cha tatu tulipewa ruhusa, pamoja na masharti yake: miche ing'olewe kwa mikono, chuma chochote kisiingie ndani, na miarobaini mikubwa iliyo ndani iachwe kwa sasa. Ile ya ukingoni, nje ya mawe ya mpaka, tukubaliane wenyewe. Hiyo tumeikata, na kuni zake walipewa kina mama wa kikundi cha kitalu.

Walioshiriki siku za kung'oa wanajua kazi ile ilivyo. Lazima iwe baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Unaushika mche chini kabisa, unautikisa kushoto na kulia mpaka uusikie umelegea, ndipo unavuta polepole. Mzizi hutoka mrefu na mwembamba kama mkia wa panya. Ukiharakisha utakatika, na kipande kilichobaki kitachipua upya kana kwamba hukufanya kitu. Uchungu wake hukaa mikononi hadi jioni, hata ugali unaula mchungu. Kina mama ndio waliokuja kwa wingi zaidi, nami nataka iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano.

Niseme machache kuhusu ngazi za kupandia kule kwenye mwamba wa kutazamia bahari. Fundi tuliyempa kazi alitumia mbao zisizotiwa dawa, na mchwa wakazimaliza kabla mwaka haujaisha. Siku ya ziara ya wanafunzi, kidato kimoja cha ngazi kilivunjika na mguu wa mtoto ukazama hadi gotini. Alichubuka tu, namshukuru Mungu, lakini ingeweza kuwa vingine. Fundi alikosea, nasi kamati tulikosea kumlipa kabla ya kwenda kukagua mbao. Ngazi mpya ni za mawe yaliyoletwa kutoka nje ya msitu na kubebwa na wanachama wenyewe. Kuanzia sasa hakuna malipo ya mwisho kwa fundi yeyote mpaka watu wawili wa kamati waende kuiona kazi kwa macho yao.

Kuhusu maelezo wanayopewa wageni, nilifuatana na makundi kadhaa kimyakimya nikisikiliza. Vijana wetu wanaongea vizuri na wageni wanawapenda. Lakini nilisikia mambo mawili ambayo si kweli, na kwa kuwa yalisemwa kwa jina la chama, nayasahihisha mbele yenu.

La kwanza, mgeni aliambiwa kaya yetu imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Haimo. Mwaka 2008 UNESCO iliziandikisha baadhi tu ya kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Giriama, Kauma, Jibana, Kambe, Ribe, Rabai, Duruma na Kinondo. Zote pamoja ni hekta 1,538 zilizotawanyika katika pwani ya kilomita 200 hivi. Mwaka uliofuata, 2009, mila zinazohusiana na kaya ziliingizwa kwenye orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na huko sisi tumo, kwa sababu mila zile ni zetu pia. Kijana akilieleza hivyo, mgeni atamheshimu. Naye atapata la kumwambia zaidi: kwamba watu wamehifadhi kaya nyingine nyingi bila kuandikishwa na yeyote.

La pili, mgeni aliambiwa Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, aliwalisha watu kiapo hapa. Hapana. Ilikuwa Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama, mwaka 1913, na mwaka 1914 Waingereza waliilipua kaya ile kwa baruti. Historia ya wenzetu tusiinyakue ili kuuza tikiti. Tuna yetu: lango la mawe, uwanja wa moroni wanapokutania wazee, makaburi ya wazee waliohamia hapa kwa mujibu wa masimulizi ya Singwaya, kule kaskazini walikotokea. Bibi mmoja mwanachama wetu amekubali kukaa na vijana kila Ijumaa alasiri na kuwasimulia, na tayari wameanza kuandika kwenye daftari.

Vigango. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee waliofariki, vilivyo kwenye maboma yanayopakana na msitu ni vya familia, si vivutio vya chama. Mnajua yaliyotokea. Vigango viwili vilivyoibiwa kwenye boma moja mwaka 1985 vilipatikana kwenye makumbusho ya Marekani, na havikurudi mpaka mwaka 2007. Vingine 30 vilivyokuwa kwenye jumba la makumbusho la Denver vilifika Kenya mwaka 2019, na vilipofika ilikuwa vigumu kujua kila kimoja kilitoka kwa nani, kwa sababu wezi hawakuandika jina la boma. Kigango ni mzee amesimama. Kikiondolewa, familia ndiyo inayobaki na ndoto mbaya, magonjwa na lawama, na anayekinunua huko ng'ambo anakiita sanaa.

Mwaka huu kijana wetu mmoja alifuatwa na mtu aliyemwahidi pesa iwapo angemwonyesha boma lenye vigango vya zamani. Alikataa, akaja kumwambia katibu jioni ileile. Simtaji jina kwa usalama wake, lakini yumo humu ndani, na ninataka ajue kwamba chama kinajivunia kuwa naye. Baada ya tukio hilo tumeweka kanuni: hakuna mgeni kupiga picha ya kigango, hata kwa simu, kwa sababu picha inapotumwa mtandaoni mara nyingi hubeba na mahali ilipopigwa.

Kanuni hiyohiyo inahusu maombi ya wazee. Kampuni moja ya filamu ilikuja na barua nzuri, ikapewa ruhusa ya kupiga picha za miti, kisha ikarekodi tambiko kutoka vichakani. Tuliwaomba waifute, wakasema wameifuta. Tangu sasa ruhusa itakuwa mkataba ulioandikwa, ukisomwa na mwanasheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016, na hatuna sababu ya kuiacha kabatini.

Mpaka wa kaskazini umekaa salama. Miche ya kitalu ni mizima. Uzio wa choo cha wageni umekamilika.

Kuna jambo zito ambalo sikutaka kulileta, lakini nikinyamaza nitakuwa nimewasaliti wazee. Hapa Kilifi mtu akiota mvi anaweza kuitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa neno hilo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na shamba linalotakiwa. Mwaka huu wawili kati ya wazee wa ngambi walilala nje ya nyumba zao kwa wiki kadhaa kwa kuogopa. Hao ndio wanaojua ni mti upi unaombewa mvua na maneno gani yanatamkwa pale langoni. Kamati imekubaliana kwamba mzee wa kaya anayetishiwa atapata mahali pa kulala kwenye nyumba ya mwanachama, na nauli ya kwenda kutoa ripoti italipwa na chama. Nawaomba nyinyi wenye watoto wakubwa mkaseme nao nyumbani. Neno kama lile huanzia mezani, wakati wa chakula.

Juu ya fedha, sitarudia atakayosoma mhazini. Wapo wanaosema tufidie pengo kwa kuongeza makundi wakati wa likizo. Sikubaliani nao. Nilipokwenda Gede na vijana wawili tulijionea wanavyofanya majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke chini ya mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993. Familia hufuga viwavi nyumbani na kuuza pupa, yaani viwavi vilivyokwisha kujifungia kwenye ganda kabla ya kuwa vipepeo, na msitu ukiwa mzima ndipo kuna vipepeo wazazi. Pesa inapatikana pembeni ya msitu, si kwa kuukanyaga. Kamati inapendekeza tuanze na mizinga ya nyuki mashambani mwa wanachama wanaopakana na kaya, na asali iuzwe kwenye kibanda cha wageni. Mwarobaini wa nyumbani, ule wa uani, nyuki wanapenda maua yake, kwa hiyo msiukate kwa ajili ya maneno yangu ya leo.

Kura zenu zinahitajika kwa mambo matatu: kufunga njia ya ndani masika yajayo, kutoa pesa za mizinga kutoka akiba, na kumchagua mjumbe wa kamati kutoka kwa kina mama wa kitalu, ambao kwa kazi waliyoifanya walistahili kiti hicho zamani.

Kung'oa miarobaini kutaendelea mvua ya kwanza ya vuli itakapoangusha maji ya kutosha. Katibu atapiga simu usiku, nasi tutakutana langoni kabla jua halijachomoza, tusubiri mzee atuombee ndipo tuingie. Kila mtu aje na gunia na maji ya kunywa. Kaniki zitakuwepo kwa wasio nazo. Panga ziacheni nyumbani.