Wauza ving'amuzi tuambieni ukweli kuhusu kurekodi

Mhariri, naomba nafasi niseme na wauzaji wa ving'amuzi maana wateja tunaumia. Tangu analojia ianze kuzimwa Dar mwisho wa 2012 kila nyumba ina king'amuzi, na siku hizi vingi vimeandikwa kwa boksi kwamba vinarekodi, mtu anabeba anajua atarekodi taarifa ya habari huku watoto wanaangalia katuni, akifika nyumbani anakuta kina tyuna moja tu, yaani kile kifaa cha ndani kinachonasa chaneli, na mara nyingi ukirekodi chaneli hii nyingine huioni. Hapo dukani hakuna aliyemwambia!

Halafu flashi ya kuhifadhia rekodi. Flashi nyingi ndogo zinakuja na fomati (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) ya FAT32 na hiyo faili moja haivuki GB 4, kwa hiyo mechi ya HD inaweza kukatika kipindi cha pili au ikagawanywa vipande. Bora ununue hard disk ya nje, ila uliza kwanza kama king'amuzi kinasoma NTFS, fomati isiyo na kikomo hicho cha GB 4, na kama umeme wa kwenye tundu la yuesibii unatosha kuizungusha, maana isipotosha inalia tik tik na hairekodi kitu.

Chaneli za kulipia nazo mara nyingi rekodi inafungwa kwenye king'amuzi hicho hicho, ukihamishia kwa laptopu haifunguki, na kikiungua imeondoka nacho.

Ndugu zangu wauzaji, andikeni kwa boksi tyuna ngapi na fomati gani, na mruhusu mteja ajaribu kurekodi dakika tano pale pale dukani kabla hajalipa.

Msomaji wenu, Mbeya