Usibonyeze kwanza, Mama Neema

Kijenge, Arusha

Mama Neema mpendwa,

Habari za Moshi? Huku hatujambo, watoto wazima. Ule ujumbe wako kuhusu laptopu, "inaniambia niapdeti, nibonyeze?" nimeona niujibu kwa kirefu, maana kwenye simu ungenikatisha kabla sijafika popote.

Usibonyeze kwanza. Apdeti yenyewe, ya kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, si mbaya. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mtunza hesabu za watu hapaswi kukaa na mashine isiyopata ulinzi mpya. Ila ndani ya hiyo laptopu kuna VICOBA nzima: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, tangu mlipoacha kuandika kwenye kauntabuku. Tena kuna picha za msiba wa baba. Hivyo vitoke kwanza.

Kwa kawaida apdeti haigusi mafaili, lakini imewahi kutokea. Oktoba 2018 ilitoka apdeti ya Windows 10 iliyofuta nyaraka za baadhi ya watu, hadi Microsoft wenyewe wakaisimamisha baada ya siku chache. Na hapo sijataja umeme kukatika katikati, na betri yako ndiyo hiyo tena.

Mimi hata hivyo namwogopa fundi kuliko apdeti. Nakujua, utachoka kusubiri, utaibeba mpaka pale stendi, na kijana atakuambia kwa upole, "Mama, nikupigie tu Windows mpya." Kupiga Windows na kuapdeti ni vitu viwili. Akipiga upya, mara nyingi anafuta C yote, yaani ile sehemu ya diski inayokaa Windows yenyewe. Atakuuliza, "Kwenye C kuna kitu cha muhimu?" Nawe utajibu hapana, maana unavyojua wewe vitu vyako viko Desktop. Desktop iko C, mama! Na Documents, na Downloads.

Kwa hiyo tafuta diski ya nje (hard disk), kwenye duka linalokupa risiti. Zile flashi zilizoandikwa 2TB zinazouzwa bei ya kutupa achana nazo. Ndani ni ndogo, zimechezewa ziidanganye kompyuta. Unakopi, majina ya mafaili unayaona yote, ukija kuyafungua hakuna kitu. Ni kumimina maziwa kwenye kibuyu kilichotoboka.

Hata diski nzuri usiiamini kwa kuona majina tu. Ichomoe, kaichomeke kwenye kompyuta nyingine, hata ya shemeji, ufungue lile faili la hisa na kushuka mpaka mstari wa mwisho. Jumla ilingane na daftari la mwenyekiti. Fungua na picha chache, na ile video ndefu ya mazishi uiache icheze mpaka katikati. Ukiridhika, diski ikae kabatini, isiwe imechomekwa wakati wa apdeti.

Faili la kikundi ni dogo, jitumie pia kwa barua pepe, bando halitaumia. Picha usihangaike kuzipandisha zote. Google wanakupa GB 15 za bure, na barua pepe zako zinakula humohumo.

Kuna kitu kinaitwa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski. Laptopu nyingine imefungwa nayo mwenyewe hana habari, na baada ya mabadiliko inaweza kuwaka ikidai namba yenye tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft sasa, mashine ikiwa inafunguka, uitafute na kuiandika kwenye karatasi. Usije ukaihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo, jamani.

Na ukiingia Windows 11 ukaichukia, una siku 10 za kurudi kwenye ya zamani kupitia mipangilio. Hiyo inarudisha mfumo tu, faili ulilopoteza haikurudishii.

Hivi kikao cha kugawana ni lini? Kama kimekaribia, acha hiyo apdeti kabisa mpaka kila mtu achukue chake na kusaini. Mimi nakuja mwisho wa mwezi kwenye kipaimara cha mtoto wa dada, naweza kulala kwako tukaifanya pamoja usiku. Diski uwe umeshanunua, na chaja itafute, maana mara ya mwisho ilikuwa kwa jirani.

Wasalimie wote, na bibi mwambie parachichi zilifika salama.

Wako,
Mama Ian